Al-Kindi: Mwanazuoni aliyefichua siri za barua kwa kuhesabu herufi

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (SW), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ni nadra leo kuikuta nyumba isiyokuwa na simu ya mkononi. Kwa simu hiyo mume humtumia mkewe fedha za matumizi, mtoto aliye masomoni humjulia hali mzazi wake, na ndugu waliotawanyika mbali hushauriana juu ya posa, mirathi na maradhi. Kila mmoja hufanya hayo akiamini kuwa aliyoyasema yamebaki baina yake na aliyemwambia. Imani hiyo imejengwa juu ya elimu maalumu, nayo ni elimu ya kuyaficha maandishi ili asiyehusika asiyaelewe. Na kitabu cha kale kabisa kilichotufikia chenye kueleza kwa ukamilifu namna maandishi hayo yanavyofichuliwa kiliandikwa na Muislamu, mjini Baghdad, zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita. Ijumaa ya leo tunapenda kuyatazama maisha ya mwanazuoni huyo, kwani ndani yake mna mazingatio makubwa kwa familia zetu.

Jina lake ni Abu Yusuf Ya'qub bin Is-haq Al-Kindi. Alizaliwa yapata mwaka 801, sawa na karibu mwaka 185 Hijria, katika nchi ya Iraq. Alitokana na kabila kubwa la Kinda, na nasaba yake inarudi kwa Al-Ash'ath bin Qays, mkuu wa Kinda aliyekwenda Madina na ujumbe wa watu wake na kusilimu mbele ya Mtume (SAW). Baba yake, Is-haq bin As-Sabbah, alikuwa gavana wa Kufa katika zama za Makhalifa Al-Mahdi na Harun Ar-Rashid. Kwa hiyo Al-Kindi alikulia katika nyumba ya utawala, ambako barua huingia na kutoka na maneno mengi hayapaswi kusikika nje ya mlango. Baadaye alihamia Baghdad kutafuta elimu, na huko ndiko alikopatia umashuhuri wake.

Baghdad ya siku hizo ilikuwa mji wa mambo mapya. Karatasi, ambayo ufundi wake ulitoka Uchina na kupitia Samarkand, ilikuwa imeanza kuchukua nafasi ya ngozi na mafunjo, na kwa ajili hiyo kuandika na kunakili vitabu kukawa kwepesi kuliko zamani. Posta ya dola, iliyoitwa barid, ilikuwa na vituo njiani kote ambako wajumbe walibadilisha wanyama na kuendelea na safari. Lakini posta hiyo ilikuwa na kazi mbili. Mkuu wa barid katika kila jimbo alipeleka barua, na papo hapo akawa jicho la Khalifa. Tangu zama za Khalifa Al-Mansur, wakuu hao walikuwa wakiandika habari za magavana na makadhi, hata bei za vyakula sokoni. Msomaji atatambua kuwa jambo hili si geni kwetu, kwani chombo kinachotuunganisha ndicho hichohicho kinachoweza kutuchunguza.

Zaidi ya hayo kulikuwa na elimu ya hesabu. Katika mji huohuo aliishi Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, ambaye kutokana na jina lake dunia imepata neno algoriti, yaani mpangilio wa hatua ambazo kompyuta hufuata katika kutenda kazi. Al-Kindi naye aliandika juu ya matumizi ya tarakimu za Kihindi, zile zenye alama ya sifuri. Neno letu hili la sifuri lina asili ya Kiarabu, na lilipofika Ulaya lilizaa maneno yenye maana ya tarakimu, na pia yenye maana ya maandishi ya siri. Basi hata lugha zenyewe zinashuhudia kuwa hesabu na siri ni ndugu.

Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, aliwakusanya wanazuoni na kugharimia kufasiriwa kwa vitabu vya Wagiriki, Waajemi na Wahindi. Al-Kindi akawa mmoja wa nguzo za kazi hiyo. Hakuwa mfasiri mwenyewe, bali aliwasimamia wafasiri, akasahihisha Kiarabu chao na kufafanua yaliyokuwa magumu. Khalifa Al-Mu'tasim, aliyemfuatia Al-Ma'mun, alimheshimu kiasi cha kumkabidhi malezi ya elimu ya mwanawe Ahmad. Msimamo wa Al-Kindi ulikuwa kwamba haki ipokelewe popote inapotoka, hata kama imetoka kwa watu wa mbali na mila nyingine. Kwa kuwa alikuwa Mwarabu wa kwanza kuzama katika elimu hiyo kwa kiwango kile, watu wakamwita mwanafalsafa wa Waarabu. Ni kweli kwamba wanazuoni wengine walitofautiana naye katika baadhi ya rai zake za falsafa, na mjadala huo ni mrefu. Hata hivyo, katika suala kubwa la kuumbwa kwa ulimwengu, yeye aliwapinga wale waliodai kuwa ulimwengu hauna mwanzo, akathibitisha kwa hoja kwamba una Muumba Mmoja aliyeuleta kutokana na kutokuwepo.

Tuje sasa katika jambo lililotukusanya leo. Kuyaficha maandishi ni desturi ya kale. Njia iliyokuwa ikitumika sana ni kubadili kila herufi kwa herufi nyingine au alama nyingine, kwa mpango wanaoujua wawili tu. Tuchukue mfano wa Kiswahili. Tukiamua kuwa kila herufi iandikwe kwa ile inayoifuata katika alfabeti, neno salama litaandikwa tbmbnb. Asiyejua mpango wetu ataliona kuwa halina maana. Na ikiwa mpango haufuati mfululizo, bali kila herufi imepewa mbadala wake bila utaratibu unaoonekana, idadi ya mipango inayowezekana ni kubwa mno, hata mtu akiijaribu mmoja mmoja umri wake utakwisha kabla hajaipitia yote. Kwa hiyo watu waliona fumbo la namna hiyo ni salama.

Kabla ya Al-Kindi alikuwepo Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, bingwa wa lugha aliyeweka misingi ya elimu ya arudhi na kutunga kamusi ya mwanzo ya Kiarabu. Inasimuliwa kwamba aliletewa barua ya fumbo kwa Kigiriki, akaifungua kwa kukisia kuwa lazima imeanza kwa kumtaja Mungu, kisha akazitumia herufi za maneno hayo kuzitambua zilizobaki. Na elimu ya kuhesabu herufi haikuwa ngeni kwa Waislamu, kwa kuwa wanazuoni wa Qur'an walikwisha kuhesabu aya zake, maneno yake na hata herufi zake kwa ajili ya kuihifadhi.

Al-Kindi aliikamata hesabu hiyo na kuielekeza kwenye mafumbo. Katika risala yake juu ya kufichua maandishi ya siri alieleza kwamba kila lugha ina mazoea yake. Zipo herufi zinazorudi mara nyingi na zipo zinazoonekana kwa nadra. Katika Kiarabu alif na lam ndizo zilizotangulia. Basi anayetaka kufungua fumbo na atafute maandishi ya wazi ya lugha hiyohiyo, yenye urefu wa kutosha, ahesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kisha azipange kwa wingi wake. Baada ya hapo azihesabu alama za fumbo na kuzipanga vivyo hivyo. Alama iliyozidi wenziwe yaelekea ndiyo herufi iliyozidi wenziwe, na ya pili kwa ya pili. Pakibaki shaka, atazame ni herufi gani hukubali kukaa pamoja na zipi hukataa, na atazame pia maneno ambayo waandishi wamezoea kuanzia barua zao.

Tulirudie neno letu. Katika tbmbnb, herufi B imetokea mara tatu kati ya sita. Na kila anayesoma Kiswahili akihesabu herufi za ukurasa huu atakuta kuwa A inazishinda nyingine zote. Kwa hiyo B ndiyo A, na mlango umeanza kufunguka bila mtu yeyote kutuambia ufunguo. Hivyo ndivyo Al-Kindi alivyobainisha kuwa maandishi yaliyovishwa vazi jingine bado yana mwendo wao wa asili, na mwendo huo ndio unaoyatambulisha. Akaongeza sharti moja muhimu, nalo ni kwamba fumbo liwe refu kiasi cha kutosha. Maneno machache hayaonyeshi mazoea. Kadiri mwenye siri anavyoandika zaidi, ndivyo anavyomrahisishia kazi anayemchunguza.

Hatuwezi kuzimaliza kazi zake nyingine. Ibn An-Nadim, mwandishi wa orodha mashuhuri ya vitabu ya karne ya 10, alimtajia zaidi ya vitabu mia mbili, ingawa vilivyobaki ni vichache. Aliandika juu ya tiba na vipimo vya dawa, nuru na macho, nyota, muziki, manukato na hata panga. Aliwapinga wale waliodai kuwa dhahabu inaweza kutengenezwa na mwanadamu. Aliandika pia risala juu ya kuiondoa huzuni, akifundisha kuwa mali tuliyonayo ni ya kuazimwa, na mwenye kuazima hapaswi kulia mwenye mali anapoitaka.

Mafunzo hayo yeye mwenyewe aliyahitaji. Mwaka 847 Al-Mutawakkil alishika ukhalifa, na hali katika kasri ikabadilika. Walikuwepo wana wa Musa bin Shakir, maarufu kama Banu Musa, mabingwa wakubwa wa hesabu na mitambo. Miongoni mwa mitambo inayonasibishwa nao ni ala ya muziki iliyojipigia yenyewe, ambayo watafiti wa leo huihesabu kuwa ni katika mababu wa mashine zinazofuata maagizo yaliyopangwa kabla. Akili walikuwa nazo, lakini husuda nayo ilikuwepo. Kwa mujibu wa masimulizi aliyoyahifadhi Ibn Abi Usaybi'a, mwanahistoria wa waganga wa karne ya 13, wawili katika ndugu hao, Muhammad na Ahmad, walimfitini Al-Kindi kwa Khalifa. Al-Kindi akapigwa, na maktaba yake yote ikachukuliwa, ikapelekwa Basra na kutengwa mbali naye.

Tufikiri kidogo, ndugu zetu. Maktaba ya mwanazuoni wa zama zile ilikuwa na vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, rasimu ambazo hajazimaliza, hesabu zake na barua zake. Ilikuwa ni kumbukumbu ya umri wake mzima. Mtu aliyeifundisha dunia kufungua siri za maandishi alisimama akiyaangalia maandishi yake yanabebwa na wasiomtakia mema, wala hapakuwa na fumbo ambalo lingemkinga. Kufuli la kitabu halisaidii kitu iwapo anayekitaka ana mamlaka ya kukibeba kitabu chenyewe.

Allah (SW) akamletea faraja kutoka asikokutarajia. Khalifa aliwaamuru Banu Musa wachimbe mfereji wa kupeleka maji katika mji wake mpya wa Al-Ja'fariyya, karibu na Samarra. Wao wakamkabidhi kazi hiyo Al-Farghani, mwanazuoni wa elimu ya nyota, naye akakosea vipimo. Mdomo wa mfereji ulichimbwa kwa kina kuliko sehemu iliyofuata, hivyo maji yaliyotosha kuujaza mdomo yasingeweza kufika mbele. Khalifa alipopata fununu alimwita mhandisi Sanad bin Ali akague, na akaapa kuwaua wale ndugu wawili ikithibitika kuwa kosa lipo. Sanad huyo walikuwa wamekwisha kumtenga na kasri, na sasa maisha yao yalikuwa mikononi mwake. Walipomwangukia kumwomba, aliwakumbusha dhulma waliyomfanyia Al-Kindi. Yeye na Al-Kindi hawakuwa marafiki, bali kulikuwa na uadui baina yao, lakini aliona kuwa haki ni haki. Akaweka sharti kwamba hatasema neno la kuwanusuru mpaka vitabu vya Al-Kindi virudishwe. Muhammad bin Musa akavirudisha vyote, na akaleta hati ya Al-Kindi mwenyewe inayokiri kuwa amevipokea hadi cha mwisho.

Baada ya hapo Sanad alimwambia Khalifa kuwa mfereji hauna kosa, akijua kwamba mto Tigris ulikuwa umejaa na kasoro isingeonekana kwa miezi kadhaa. Hatuisifu kauli hiyo isiyokuwa ya kweli. Tunachokisifu ni kwamba alimtetea mtu asiyempenda na asiyekuwepo, akarudishiwa amana yake. Kabla maji hayajapungua, Al-Mutawakkil aliuawa mwezi Disemba mwaka 861, na kosa la mfereji likazikwa pamoja naye.

Al-Kindi aliishi takriban miaka 12 baada ya hapo, akafariki dunia Baghdad karibu mwaka 873, sawa na takriban mwaka 260 Hijria. Vitabu vyake vingi vilipotea kwa kupita karne. Risala yake ya mafumbo ilikaa kimya katika hazina ya maandishi ya kale mjini Istanbul, Uturuki, hadi watafiti wa Kiarabu walipoitambua na kuichapisha mjini Damascus mwaka 1987. Tangu hapo dunia ya kompyuta imekiri kuwa mlango huu ulifunguliwa na Muislamu.

Njia yake ilipojulikana Ulaya karne nyingi baadaye, ilitikisa viti vya enzi. Mwaka 1586 barua za siri za Malkia Mary wa Scotland zilifumbuliwa nchini Uingereza, na mwaka uliofuata alikatwa kichwa. Ndipo watu wakalazimika kutafuta mafumbo yasiyoacha mazoea yaonekane. Mwaka 1949 Mmarekani Claude Shannon alieleza kwa hesabu kwamba fumbo imara ni lile linaloyachanganya na kuyatawanya mazoea ya lugha hadi mwenye kuhesabu asipate cha kushika. Ukweli ni kwamba alikuwa akimjibu Al-Kindi. Leo simu zetu zinatumia mafumbo ya namna hiyo. Tangu mwaka 2016, mazungumzo ya kawaida kwa njia ya WhatsApp husimbwa kuanzia simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, na kuhesabu herufi zake hakumsaidii mdukuzi.

Pamoja na hayo, somo la Al-Kindi halijaisha, limehamia mahali pengine. Ikiwa herufi haziwezi tena kuhesabiwa, tunahesabiwa sisi wenyewe. Kampuni ya simu hujua umempigia nani, saa ngapi, kwa muda gani na ukiwa karibu na mnara upi, hata kama haijui mlisema nini. Anayepiga simu hospitali mara tatu kwa wiki, kisha akampigia wakili, kisha nduguze wote kwa siku moja, ameshaeleza habari zake bila kutamka neno. Na kama alivyofundisha Al-Kindi, maandishi yakiwa marefu mazoea hudhihirika. Kila picha ya mtoto tunayoibandika, kila mahali tunapojitangaza kuwa tumefika, tunairefusha barua yetu kwa ajili ya wachunguzi tusiowajua. Serikali zimeanza kuweka kinga, ikiwemo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Ni wajibu wetu kuzijua haki zetu humo. Lakini sheria humlinda zaidi anayejilinda.

Dini yetu ilitangulia katika jambo hili. Aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat imekataza kupelelezana, na aya ya 27 ya Surat An-Nur imetufundisha kutoingia nyumba za wengine mpaka tutake idhini na kuwasalimu wenyewe. Mtume (SAW) alimkemea vikali mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wake. Simu ya mtu leo ni nyumba yake, na kioo chake ni tundu la mlango. Mume anayeipekua simu ya mkewe usiku, mke anayeipekua ya mumewe, na rafiki anayesambaza ujumbe aliotumiwa kwa amana, hao wote wamesimama penye tundu lile. Mzazi ana haki na wajibu wa kumlinda mtoto wake mdogo, na ni bora alifanye hilo kwa uwazi, kwa mazungumzo na kwa kanuni inayojulikana nyumbani, kuliko kumvizia.

Tumeona kwamba Al-Kindi alikuwa na elimu, na Banu Musa walikuwa na elimu, na Sanad bin Ali alikuwa na elimu. Kilichowatofautisha siku ya mtihani ni namna kila mmoja alivyokichukulia kilichokuwa cha mwenzake. Teknolojia itazidi kubadilika, na mafumbo ya leo huenda kesho yakafumbuliwa kama yalivyofumbuliwa ya jana. Amana haibadiliki. Mwenye uwezo wa kufungua barua ya mwenzake kisha akaiacha imefungwa kwa kumcha Mola wake, huyo ndiye aliyefahamu.

Tunamuomba Allah (SW) amrehemu Al-Kindi na wanazuoni wetu wote waliotangulia, atustiri aibu zetu duniani na Akhera, na atujaalie tuwe wenye kuzistiri za wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.